Mim ya Maji

Jumapili, 3 Septemba 2017

Imekubali! Alhamdulillahi, imekubali! Kitufe kikibonyezwa, ukurasa wangu wa kwenye laptop unajua ni kitufe gani, na unasema. M — sauti ya Mama inatoka: "Nataka maji." C, chakula. L ya lala, kulala. Nimeuandika mwenyewe, hapa hapa Mtambile, bila kumuuliza mtu. Wale wenzangu wa chuo waliobaki Unguja na mikogo yao, waje waone!

Tangu kiharusi kimpige, Bibi hana neno mdomoni. Mkono wa kulia umelala, wa kushoto mzima. Kidole kimoja kinamtosha.

Ami Marhoun amefika jana kutoka Maskat, sikukuu pili. Laptop yenyewe alituletea yeye. Ameiangalia kidogo, akasema mashallah, akarudi kumtazama mama yake. Machozi yalimlengalenga.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimemfundisha Bibi. Nimemwambia atafute herufi ya mwanzo ya kitu anachokitaka, basi. Ameitikia kwa kichwa. Mwerevu yule! Damu yangu.

Jumanne, 5 Septemba

Aibu tupu.

Bibi amebonyeza mbele ya watu wote. "Nataka kulala." Tukamlaza. Akatikisa kichwa, akaitaka laptop tena. "Nataka kulala." Na yuko kitandani!

Ami akasema basi, mama yake karudi utotoni, hajui alitakalo. Jumamosi anamchukua Maskat. Kule kuna wauguzi, tiketi keshakata. Mama akajikaza: "Shemegi, mwenyewe hajaulizwa." Ami akamjibu taratibu, "Ntamuuliza nani, nawe waona?" Mama akainamisha kichwa. Tangu Baba afariki hajapata kubishana na shemeji yake.

Bibi alikuwa anatusikia. Naapa alikuwa anatusikia. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumatano, 6 Septemba

Midomo ya Bibi mikavu. Mama akampa maji, akayanywa yote na kikombe akakishikilia. Maji! Jana alikuwa anataka maji!

Nikakaa naye wawili tu. "Bibi, nionyeshe ya maji." Kidole kikaenda moja kwa moja, wala hakikusita. Kwenye L.

Nikainama nikatazama. Pembeni ya ile L pana mim, m ya Kiarabu. Laptop ya Maskat — kila kitufe kina herufi mbili, ya Kizungu na ya Kiarabu! Na Bibi hakutia mguu skuli. Alisoma chuo cha Kurani, kahitimu msahafu mzima, na barua zake zote kwa marehemu Babu aliziandika kwa herufi za Kiarabu. Alitafuta mim, akaiona, akaibonyeza. Ukurasa wangu ndio uliodhani l.

Yaani sisi ndio tuliokuwa hatujui kusoma.

Nimebadilisha. Mwanzo niliuliza e.key: imetoka herufi gani? Sasa nauliza e.code: kimebonyezwa kitufe cha mahali gani? KeyL ni KeyL, lugha iwe ya Kizungu, iwe ya Kiarabu. Nikaifanya hiyo ndiyo ya maji. Bibi akabonyeza. "Nataka maji." Akacheka kwa nusu ya uso. Mama alilia, mie nilirukaruka mpaka kanga ikanivuka.

Alhamisi, 7 Septemba

Ami anafunga masanduku. Nilipomweleza habari ya mim alisema kubahatisha kupo, nisimchoshe mgonjwa.

Kubahatisha! Haya. Nimeviweka vitufe viandike Kiarabu na nimeongeza kitu: Bibi akigusa Enter, sauti zinanyamaza na kila herufi anayoibonyeza inajiandika, kubwa, kutoka kulia. Hapo e.key imerudi kazini. Nimejaribu mara nyingi. Haikosei. Mimi ni fundi, na anayebisha abishe.

Ijumaa, 8 Septemba

Wanaume wametoka msikitini. Naandika hapa mlangoni.

Mama ndiye aliyeiweka laptop mapajani mwa Bibi. Mama! Akamwambia Ami, "Shemegi, kaa. Muulize mwenyewe." Ami akakaa, kwa heshima tu. Akauliza, "Mama, twende Maskat?"

Bibi akagusa Enter. Halafu mim. Halafu ra. Ha. Wau. Nuni. Jina la Ami limejaa kwenye kioo, naye bado anatabasamu kama mtu anayemridhisha mtoto. Kidole hakikusimama. Herufi kwa herufi, polepole. Nikasoma kwa sauti: "Marhoun, umekonda."

Ami alijishika uso. Kacheka, kalia, sijui kipi kilitangulia. Akambusu mkono ule uliolala, akawa anasema "labeka, mama, labeka."

Kifua kimenijaa fahari. Sijui pa kukiweka.

Sasa ameshuka chini kwenye mkeka, kapiga magoti miguuni pa Bibi. Ameuliza tena, twende au tusiende, na safari hii anauliza kweli. Bibi amefuta kioo. Amenyanyua kidole. Mama kafungua mdomo — Ami kamzuia kwa mkono, anasubiri jawabu ya Bibi mwenyewe.