Sukuma za Gatwekera

Kukhu, bibi yangu,

Uko salama? Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Shuleni naandika kwamba biashara lazima ikue kila mwaka, napata alama zote, lakini moyoni siamini.

Jana mwenye hoteli alitoka Kawangware akaja hapa Gatwekera kwa shangazi, Senje Rose. Aliona sukuma wiki zilivyonona kwenye magunia ya udongo anamozipanda Senje kando ya ukuta wa mabati, akazitaka zote, kila siku. "Mama, ongeza magunia mpaka kule mlangoni kwa jirani. Utatajirika!" Mimi niliendelea kumwagilia maji, huku nikiomba moyoni Senje akatae.

Senje alicheka. "Nikijaza magunia, watoto watacheza wapi? Na nikikuuzia zote, majirani wote wa hii ploti watakula nini jioni? Chukua fungu lako, baba, uende."

Jioni majirani wakaja kununua mboga zao, mvua ikapiga mabati, nasi tukala ugali ungali moto. Nilishiba mpaka moyo.

Nasikia viatu vya Senje mlangoni. Leo sifichi kadi hii ninayokuandikia; naiacha mezani aisome.

Nakupenda, Kukhu. Ujifunike vizuri usiku.

Wafula

Mama, kumbe nilikuwa na mtu upande wangu na hakusema! Leo namwongezea ugali. Rose