Sailensa Yangu Imeingia Nyuki na Harusi ni Jumamosi

Mpendwa mshauri Namnyaki,

Marahaba. Naitika kabla hujaniamkia, maana kwa umri wangu ungeniamkia tu na karatasi yenyewe ni fupi. Naomba unisaidie haraka, na usicheke mpaka ufike mwisho, ukicheka katikati utapoteza mstari kama mimi ninavyopoteza miwani.

Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi huku Nkoaranga, darasa la nne nililimaliza kwa kuchoka, si kwa kufaulu, lakini gari ninalo, Ford Zephyr ya silinda sita, ile yenye mapezi nyuma kama samaki, nililinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la kahawa, na wanangu wote wamepelekwa kanisani na gari hilo siku za harusi zao, na mjukuu wangu Brightness, binti wa Eliya, tangu enzi za kulamba kamasi alishasema harusi yake atapanda Zephyr ya babu la sivyo haolewi, nami nikamwahidi, kwa sababu mume wake wa kwanza ni mimi, huyo kijana wa Njiro ni wa pili na mwenyewe analijua hilo.

Sasa harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mke wangu, mama Eliya, ametangaza kwamba bibi harusi hapandi gari hilo, ataletewa jeupe la kukodi, yote hayo kwa sababu ya bomba la moshi.

Nikueleze. Nilikuwa Njiro kuwapelekea wakwe ndizi, kijana mmoja nisiyemjua akasimama pembeni yangu barabarani na kigari chake kidogo kama kisahani cha chai lakini kinanguruma mpaka vioo vyangu vinatetemeka, akashusha dirisha akaniambia, "Babu, hiyo imewaka au unaisukuma kwa miguu?" Dada Namnyaki, silinda sita zinatukanwa na silinda nne! Kesho yake nikaenda mjini kwa fundi Lemomo, nikamwambia kata hiyo sailensa inayomeza sauti, nitengenezee mabomba mawili matupu, silinda tatu zitolee pumzi kulia na tatu kushoto, yatokeze chini ya mapezi. Lemomo akaniangalia. "Mzee, mama anajua?" Nikamwambia wewe chomelea. Akachomelea. Tulipowasha, mbwa wa gereji alipanda juu ya rundo la matairi akagoma kushuka, na mimi nikajiona kijana wa kuoa.

Sikudanganyi, sauti ni tamu, ni kama nyati anayeimba besi kwenye kwaya, lakini tangu siku hiyo sina amani, ng'ombe wa mama Eliya amebana maziwa, na Jumapili niliwahi kutoka ibadani nikalipashe gari moto, likakohoa paa! katikati ya baraka, waumini wakatoka kabla ya amina na mchungaji akiwa miongoni mwa wa kwanza, na zamani mama Eliya alikuwa akinisikia naingia kona ya chini anabandika chai, nafika imeiva, siku hizi ananisikia nikiwa bado Tengeru, anabandika, nafika imekauka, sufuria zimeungua na mwenye makosa ni mimi. Na juzi alikuja mkubwa wa matarumbeta kupanga msafara, maana wao ndio hutangulia kwenye pikapu mbele ya bibi harusi, akaniomba niwashe, nikawasha, akasikiliza, akavua kofia. "Mzee," akasema, "sisi hapo tutakuwa tunavimbisha mashavu tu."

Utaniambia rudisha sailensa. Hapo ndipo penye aibu. Wiki ileile ilikuwa sikukuu ya mavuno, kila mtu anapeleka kanisani alichovuna na baada ya ibada kinapigwa mnada pale nje, huyu ana mkungu, yule ana jogoo, na mimi kwa utani wangu nikaibeba ile sailensa nikaiweka mbele kati ya maboga, nikasema haya ndiyo niliyovuna kwa Lemomo. Mchungaji alikuwa amefumba macho, akaibariki pamoja na maboga. Kwenye mnada watu walicheka mpaka wakakaa chini, na aliyeinunua ni Elinami wa Kikwe, mfuga nyuki, nikadhani naye anatania. Wala! Ameitundika bandani kwake kama mzinga, na nyuki wadogo, wale wasiouma, wamehamia wote, wamejenga kimlango chao cha nta palepale moshi ulipokuwa unatokea.

Nilimfuata. Nilikwenda kwa bodaboda, kwa sababu Elinami amepiga marufuku gari langu kusogelea nyuki wake, halafu ufunguo mama Eliya alishanipokonya. Nikambembeleza anirudishie. Akaniambia, "Baba Eliya, kitu ulimpa Mungu, Mungu akaniuzia mimi, mimi nikawapangisha nyuki. Sasa unamdai nani?" Nimerudi nyumbani hoi, nikaegemea boneti ya Zephyr nipumzike, nikaruka! Ina moto kama kikaango, na jua lenyewe halikuwepo, mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu asubuhi. Namuuliza mama Eliya, anasema kuku alilala hapo. Basi nina mikosi, hata kuku wangu wana homa.

Nimebuni njia moja. Kanisa liko chini ya kwetu, kwa hiyo nizime injini, niteremke na bibi harusi kimyakimya kwa mteremko mpaka mlangoni. Haifai? Brightness analia, na sasa mama Eliya hasemi nami ila kupitia kwa mbuzi: "Mwambie mwenzako chakula kipo." Nisaidie dada, nisije nikawa babu wa kwanza Meru nzima kuachwa na mjukuu wake kwa ajili ya bomba.

Ni mimi Baba Eliya, Mabomba Mawili, Nkoaranga.

*

Shikamoo mzee wangu. Nimecheka katikati, nimepoteza mstari, nimeanza upya.

Tuanze na huo mteremko. Usithubutu! Gari zito la zamani, injini imezimwa, breki zimekuwa ngumu, barabara ya Nkoaranga, na ndani kuna bibi harusi na shela lake? Unataka mchungaji afungishe ndoa na azike kwenye ibada moja? Hiyo njia ifute kichwani leo.

Nyuki nao waache. Elinami amekujibu vizuri kuliko ambavyo ningekujibu mimi. Ulimtania Mungu naye akapokea, imekwisha. Mwakani peleka mkungu wa ndizi kama watu wengine.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Mtoto wa watu amekutania dakika moja barabarani, wewe ukaenda kukata gari ambalo mkeo ameishi nalo miaka yote hiyo, na hukumwambia hata neno. Lemomo alikuuliza kama mama anajua. Fundi ambaye hali chakula cha nyumbani kwako aliona tatizo, wewe mwenye nyumba hukuliona! Mwanamke aliyekuwa anakutambua kwenye kona ya chini na kubandika chai, unafikiri alikuwa anabahatisha? Alikuwa anakusikiliza, mzee. Ukambadilishia sauti kama mtu anayebadilisha kufuli na mwenzake yuko sokoni. Pole kwa mbuzi, anafanya kazi isiyo yake.

Pole na wewe pia, maana najua ahadi kwa mjukuu si mchezo. Lakini hebu turudi kwenye ile boneti. Kuku hana ufunguo. Siku ile wewe ulikuwa Kikwe unabishana na Elinami, gari lilikuwa nyumbani, na ufunguo ulikuwa kwa nani? Boneti haipati moto kwa kulaliwa na kuku, hata awe na homa ya namna gani. Mama Eliya aliliwasha, tena hakuliwasha kidogo. Kwa hiyo usiniambie anaichukia hiyo sauti. Kilichomuudhi ni kuambiwa wa mwisho, tena akaambiwa na ng'ombe.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo jioni muombe radhi, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbuzi akiwa bandani. Kesho nendeni wote kwa Lemomo, mama akae kiti cha mbele. Mwambieni atafute sailensa mbili zilizotumika, achomelee moja kwenye kila bomba, na kabla ya kila sailensa aweke tawi fupi la bomba lenye kifuniko cha kukazwa na nati. Kifuniko kikifungwa, moshi unapita kwenye sailensa na gari linanong'ona. Kikifunguliwa, nyati wako anarudi kwaya. Lemomo ataelewa.

Spana ya nati hizo usiishike wewe. Akae nayo mama Eliya, kwenye pochi yake, pamoja na kitabu cha nyimbo.

Brightness mpigie simu kabla hujalala, mwambie anapanda Zephyr. Kwenda kanisani gari litanong'ona na matarumbeta yatasikika. Mkitoka kanisani, kufungua au kutofungua ni uamuzi wa mama. Wewe simama pembeni, mikono nyuma, na usimkonyeze.

Na siku moja ukiwa migombani, ukasikia nyati ananguruma uani kwako na wewe hujamwasha, usikimbilie nyumbani. Palilia tu mpaka anyamaze. Ukirudi gusa boneti, kisha mpe kuku pole ya homa.

Namnyaki