Mti Niliutaja Mimi Kwanza

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako. Hujambo? Shemeji naye, kile kikohozi chake kimemwachia? Sisi huku wazima. Mgongo wa Mama umetulia, wifi yako anachapa kazi, na binti yangu, yule tunayemwita Kasuku, ameota upya meno ya mbele na maneno yameongezeka maradufu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu anashinda nayo Mama. Tangu uajiriwe kwenye hilo duka la maua, haiachi. Hata sufuria ikiungua, yeye yuko kwenye picha zako.

Basi Jumatano nilimpeleka bustani ya mimea. Nilifunga karakana, nikavaa shati la kutokea, nikajiambia leo ni siku yangu na mama yangu. Tulipofika, mlinzi wa getini akatuomba radhi: vibao vyote vya majina vimeng'olewa vipakwe rangi upya. Miti yote ilikuwa imesimama tu, haina wa kuitambulisha.

Mama hakujali. Kila mmea uliomshangaza aliupiga picha akakutumia. Ua jekundu lililoning'inia kama hereni, picha. Majani yenye madoa meupe, picha. Na wewe ukawa unajibu papo hapo. Sijui wateja wako siku hiyo walihudumiwa na nani. Mama anasoma majibu yako kwa sauti, wapita njia wanasimama kusikiliza, na mimi nimeshika mkoba wake na chupa ya maji.

Nilijaribu na mimi. Mmoja nikasema ni mpera. Ukajibu kwamba hata ujamaa na mpera hauna, Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Unanijua, Dada, mti mimi naujua ukishakuwa ubao. Ukiwa bado na majani, ni sawa na kukutana na fundi mwenzangu kavaa suti: sura naiona, jina linanipotea.

Nyuma ya bwawa tukakuta mti mrefu wenye majani mapana kama sinia. Tawi lake moja nene lilikuwa limevunjwa na upepo, liko chini. Nikainama, nikanusa palipovunjika. Harufu ile nalala nayo, hata mto wangu unanuka hivyo hivyo. Nikamwambia Mama huu ni mtiki, na mlango wa chumba chake niliuchonga kwa mbao zake. Sikusema kwa kubahatisha. Mama akanitazama kwa upole, kisha akainua simu.

"Tungoje dada yako aseme."

Ukasema ni mtiki. Mama akafurahi kama aliyeletewa mjukuu. Jioni akawasimulia majirani jinsi mwanawe aliye mbali alivyoutambua mti kwa picha tu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako iliua, nami niliyesimama pale pale na rungu sikuonekana. Sahani yangu nikaisukuma kando. Wifi yako akauliza nina nini, nikamwambia jino.

Kesho yake uvumilivu ukanishinda. Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia mti ule niliutaja mimi kwanza, na anayeamka naye kila siku ni mimi. Hakukasirika. Alimaliza kukunja kanga aliyokuwa ameishika, ndipo akasema:

"Wewe nikitaka kukusikia naita tu, unaitika. Yule nisipomuuliza majani, nitamuuliza nini? Nikimuuliza atarudi lini, ananyamaza."

Nikarudi karakana nikapiga randa ubao mpaka ukawa mwembamba, haufai kitu.

Ungedhani wivu uliishia hapo. Haukuisha, uligeuka tu upande. Sasa namwonea wivu Mama mwenyewe. Mama anakupata kila siku, jani kwa jani. Mimi naletewa "msalimie mdogo wangu", tena mwishoni, baada ya maua yote.

Utarudi lini sikuulizi. Hilo namwachia Mama mwenyewe. Ila ndani ya bahasha hii kuna jani nililookota tulipokuwa tunatoka. Mama hajaliona. Mti wake nina jina lake kichwani, lakini silitaji nisije nikachekwa tena. Usimjibu Mama. Nijibu mimi, kwa mwandiko wako, na ukishataja mti usiweke kalamu chini. Niambie unaishije huko.

Wifi yako anakusalimu sana. Kasuku anamsalimu shangazi yake na anataka kujua kama huko watoto nao hufokewa. Mfikishie shemeji heshima zangu. Za Mama sikuzichukua, maana hajui kama naandika. Utazipata kwenye simu, kama kawaida yenu.

Mungu akufunike ugenini, akulindie afya na riziki yako.

Wako akupendaye, hata akiwa amenuna,

Mdogo wako, fundi.