Kadi za Mwalimu Hazikujibu Hata Swali Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, tena upesi, kwa sababu Ijumaa mwalimu wangu anatia saini ripoti yenye uongo na uongo huo niliuweka mimi.

Nasoma kompyuta chuoni, mwaka wa mwisho, na mwalimu anayenisimamia anastaafu muhula huu. Kwa miaka tisa amekuwa akijenga mtambo wa kutafuta habari za afya kwa maana na si kwa neno lenyewe, yaani mama akiandika "mtoto anapumua kwa shida" aletewe ukurasa wa nimonia hata kama maneno yake hayamo mle, na ili kompyuta ielewe ameandika kadi moja moja kwa mkono, kila neno na ndugu zake, homa na joto la mwili, kizunguzungu na upungufu wa damu, kadi zimejaa makabati matatu, na mimi muhula mzima nimekaa naye kwenye meza yenye mguu uliofungwa kamba tukizipanga na kuziingiza, yeye akiniita Binti Maswali na kunimenyea chungwa akiona nimechoka.

Siri yangu ni kwamba nilijaribu njia mpya nyumbani, kompyuta inasoma maelfu ya kurasa na kujifunza yenyewe maneno gani yanakaribiana, na kwa siku nne ikazishinda kadi za miaka tisa, nikanyamaza. Kisha tukafanya majaribio ya mwisho kabla wauguzi hawajaja kuuona mtambo, maswali kumi, kadi zikapatia manne. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema, "Labda nimezeeka, binti yangu." Sikuweza kuvumilia, mshauri. Asubuhi nikaiweka njia yangu ndani bila kumwambia. Wauguzi wakauliza maswali ishirini, ikapatia kumi na nane, muuguzi mkuu akampa mkono, na Mwalimu akageukia makabati machozi yakimtoka. "Umeona? Kadi zimejibu!" Akampigia mkewe simu palepale.

Sasa ameyaandika hayo kwenye ripoti. Nikisema nitamvunja moyo, na alama zangu pia sijui zitakuwaje. Nimwache astaafu na furaha yake?

Binti Maswali

*

Binti yangu, hapana. Usimwache.

Ulimhurumia, naelewa, na ningekuwa kwenye meza ile huenda mkono wangu nao ungeniwasha. Lakini ona ulichomfanyia mzee wa watu. Kesho mtu akiufungua mtambo huo akakuta hakuna kadi hata moja inayofanya kazi, nani ataitwa mwongo? Jina lililo juu ya ripoti ni lake. Na hilo la kumvunja moyo, nani kakuambia moyo wake umo kabatini? Alitaka mama mwenye mtoto mgonjwa apate jibu. Wewe umemfanya mtoto wa kubembelezwa, naye ni mwalimu wako. Tena usijifiche nyuma ya machozi yake. Hofu ya alama ni yako peke yako.

Jumatatu asubuhi nenda peke yako. Usianze kwa kulia. Sema, "Mwalimu, niliubadilisha mtambo bila kukwambia." Kisha mwonyeshe njia zote mbili kwa maswali yaleyale ishirini, na yale mawili yaliyokushinda usiyafiche.

Jibu hilo nilimtumia kabla ya gazeti kuchapwa, maana Ijumaa haingoji mtu. Jana ameniandikia. Anasema Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Toka kidogo." Binti akasimama kwenye ujia karibu saa nzima akisikia droo zikifunguliwa na kufungwa. Alipoitwa, alikuta kadi moja mezani. Swali mojawapo lililoishinda njia yake lilikuwa la mgonjwa aliyesema "tumbo linaniendesha," na mtambo ukamletea habari za magari. Kadi ilijua kuwa ni kuhara. Mwalimu aliyaokota maneno hayo kwenye foleni ya zahanati, kwa wagonjwa wenyewe.

"Kosa lako ni kubwa," alimwambia, "na utaliandika kwenye ripoti kwa mkono wako. Mimi pia nimekosa. Nilikwama, na sikumwuliza mwanafunzi wangu." Kisha akamwambia avute kiti, waone namna ya kuziunganisha njia hizo mbili. Ripoti imesogezwa mwezi mmoja. Alama bado hazijulikani.

Sasa binti ananiuliza jambo la mwisho: wauguzi lazima waelezwe, na Mwalimu amesema atakwenda yeye, ili kumwondolea aibu. Akubali?

Mshukuru, binti yangu, na mwende wote wawili. Kaeni viti vilivyo karibu. Lakini muuguzi mkuu akiuliza kilichowaleta, Mwalimu anyamaze, useme wewe.