Mkuki wa Hema la Wajumbe

Jumanne, 6 ya mwezi wa Tishri ya Pili, Mwaka wa Farasi

Maji yameganda ndani ya ndoo. Nimewapelekea watawa wangu uji wa mtama. Nasema wangu kwa sababu wajumbe hawa wawili wa Papa nilikabidhiwa tangu kiangazi, niwapikie na kuwawashia moto. Mzee Gerolfo hakugusa. Mwenzake Tebaldo, aliyeiokota lugha yetu njiani na kuikoroga, akasema wako kwenye mfungo, mpaka Noeli. Sisi Wakristo wa huku wetu bado! Nikamwambia mfungo wenu mrefu kama mkia wa farasi. Akacheka huku analamba bakuli. Uji hauvunji mfungo, eti.

Jumatano, 7

Bughidai, msimamizi wa wageni, kapita kukagua. Mbona mzee kalala mchana? Nikamjibu amefunga. Akasema Mungu wetu anapenda wenye njaa, wake anapenda nyama. Ndiyo maana tumbo lako hufika kabla yako, nikamwambia. Akaenda zake anacheka.

Jibu la Khan, mtawala wetu, kwa Papa litasomwa Jumapili, hemani mwa wajumbe. Mume wangu Yoshmut ndiye mfasiri. Jioni hakula. Barua ni kali: Papa aje mwenyewe, na wafalme wake wote, wapige magoti. Na hawa walikuja kumwomba Khan abatizwe! Nikamwuliza utawaambiaje. Kama ilivyoandikwa, akasema.

Ijumaa, 9

Nimemgusa Gerolfo kwenye paji la uso. Moto kama jiwe la jikoni.

Hapo ndipo nikakumbuka — Tebaldo alikula uji uleule. Mfungo gani huo wa mtu mmoja? Ee Bwana, nilimdanganya Bughidai bila kujua. Sasa najua.

Mgonjwa akizidiwa, mtunza hema, yaani mimi, huchomeka mkuki mlangoni, umeviringishwa sufu nyeusi. Haingii mtu tena. Na aliyekuwepo roho inapotoka hakanyagi uwanja wa Khan mwaka mzima.

Nikichomeka, jibu halisomwi, theluji inafunga milima, na mzee hatafika tena kwao. Nisipochomeka, Yoshmut ataingia mle Jumapili. Mzee akimfia mikononi, kazi yake kwa Khan imekwisha. Na atakayeulizwa kwa nini aliuficha ugonjwa ni mimi.

Tebaldo aliuona mkuki nimeushika. Akasema, "Mama Denha, mpaka Jumapili tu. Nakuomba." Mzee akafumbua macho, akanong'ona kwa lugha yao. Anataka kulisikia jibu kwa masikio yake, nikafasiriwa. Hakuja mbali hivi arudi na habari za kuambiwa.

Jumamosi, 10

Msalaba wao una mwili wa Bwana, wetu hauna. Nimesali mbele ya yote miwili.

Nimemweleza Yoshmut kila kitu. Nilidhani atafoka. Alikaa akichokoa moto, kisha akasema ataingia. Mzee amesafiri mwaka mzima kwa ajili ya maneno yale, na hakuna mwingine wa kumwambia kwa upole. Akiona mzee anakaribia kukata roho, yeye na karani wa Khan watatoka mbio, nami nichomeke.

"Utatoka kweli?" nikamwuliza.

"Mke wangu, nimewahi kukawia kwenye chakula chako?"

Lakini siku hizi hicho chakula hakigusi.

Jumapili, 11

Naandika nimekaa nje ya mlango, kichupa cha wino nimekibana kwapani kisigande. Yoshmut yumo ndani na karani mmoja. Gerolfo wamemwegemeza kwenye mafurushi.

Wamesoma neno kwa neno. Walipofika pale pa Papa kuja mwenyewe, Yoshmut alishusha sauti, kama mtu anayetoa habari za msiba. Hakupunguza neno lakini. Kisha sauti ya Gerolfo, nyembamba, kwa lugha yetu — sikujua kama anaijua! "Nimesikia."

Nikashukuru. Nikaanza kuinuka.

Karani akasema bado. Ni desturi, barua husomwa mara ya pili, na mjumbe mkubwa atamke mwenyewe kwamba ameelewa. Bila hivyo muhuri mwekundu haugongwi, wasije wakafika kwao wakasema hatukuelewa vizuri. Tebaldo akasema yeye ataitikia kwa niaba. Hapana. Mkubwa.

Wameanza tena, kutoka juu. Kwa uwezo wa Mungu wa milele...

Yoshmut anasoma polepole mno. Kila mstari anangoja. Mara ya kwanza mzee alikuwa anaguna. Sasa namsikia Tebaldo tu, anasali Kilatini, mbiombio.

Yoshmut, toka.

Hatoki. Wamefika kwenye wafalme. Imebaki mistari michache na lile neno moja la mzee.

Bughidai huyo, anakuja kutoka kwenye mahema makubwa, tumbo mbele, anauliza kwa mbali kama wamemaliza. Nimemwambia bado kidogo.

Mkuki nimeukalia, asiuone.