Jina la Kwanza Kwenye Orodha ya Wasomaji

Mama mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia, maana hata ukinuna vipi salamu ya mtoto huiachi hewani. Nakuandikia kwenye meza yako ya kulia, ile uliyoniachia hapa Mbagala, yenye mguu mmoja uliofungwa waya. Kila nikikupigia simu unaniuliza kama nimekula, unauliza kama mvua zimeanza huku, halafu unasema mtandao unasumbua. Mtandao wa Masasi hausumbui kiasi hicho, mama mdogo. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na ninaandika mbele ya wasomaji wangu wote, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele yao.

Unakumbuka siku niliyorudi na bahasha? Nilitoka kwenye mkutano wa mheshimiwa mmoja na waandishi wa habari, nikaiweka hapa mezani huku wewe unachambua mchele.

"Hiyo ya nini?" ukauliza.

"Nauli, mama mdogo. Wametupa wote."

"Kwani ulipanda ndege?"

Nilicheka, wewe hukucheka. Ukaendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, ukasema, "Kesho ukitaka kumwandika huyo mtu, utamwandika na chake kipo tumboni." Nilikasirika nikaingia chumbani, na nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari moja moja pale gazeti linapokumbuka kulipa, na habari zangu za siasa zikirudi zimenyofolewa hadi mwenyewe sizitambui. Bahasha ndiyo ilikuwa inanilisha.

Wewe ndiye uliyenitoa huko. Wiki haijaisha ukanikalisha hapa hapa. "Hivi nyie waandishi mnashindwaga nini? Mtaa huu watu wanachangia harusi, bwana harusi hawamjui hata sura. Watashindwa kuchangia habari za soko lao? Waombe!" Na kuchangisha ulikujua. Hakuna kamati ya harusi kuanzia kwetu hadi Rangi Tatu ambayo hukuwa mweka hazina wake. Ukanifundisha kila kitu: fungua grupu kwenye simu, panga mchango wa mwezi usiomuumiza mtu, halafu kila Ijumaa weka orodha ya majina, aliyelipa apate tiki mbele ya jina lake. "Mtu akiona jirani yake ana tiki na yeye hana, mwenyewe ataitafuta simu," ulisema.

Ukalipa wa kwanza, hata sijamaliza kuandika maelezo. Halafu ukanishika mkono. "Ila mie jina langu usiliweke. Niandike Msomaji, inatosha. Harusi ni harusi. Haya mambo yako ni siasa, na mie natunza mafaili ya watu."

Wanaonisoma leo wajue kwamba ulikuwa unafanya kazi masjala, chumba cha mafaili, katika ofisi moja ya serikali ambayo siitaji. Kila barua iliyoingia na kutoka ilipita mikononi mwako. Miaka yote niliyoishi kwako hukuwahi kuniletea hata kipande cha karatasi, na nilikuwa najaribu. Nilikuuliza kwa utani, nikakuuliza kwa kukukandia miguu. Ulikuwa unanijibu, "Niulize habari za mapishi."

Basi nikawa naandika kila Ijumaa. Niliandika juu ya mtaro wa Kibamba uliozinduliwa mara mbili bila kuchimbwa mara moja. Niliandika juu ya mkutano wa Goba ambako wananchi walisainishwa mahudhurio, na karatasi ile ile ikatumika kuonyesha wamekubali. Ulikuwa unasoma kwa sauti jikoni, na pakikufurahisha unapiga mwiko kwenye sufuria. Sijawahi kuwa na mhariri mzuri kuliko huo mwiko.

Halafu likaja jambo la orodha. Ulinipigia kutoka kazini mchana, unanong'ona. "Mwanangu, jina langu limefikaje huko?" Yalikuwa yote matatu, la kwako, la babu na la ukoo, namba moja juu kabisa, na tiki. Nikakujibu, "Nilisahau mama mdogo, nisamehe, nalifuta." Ukasema haya, ukakata. Jioni hukulizungumzia tena.

Wiki tatu baadaye nikatoa habari ya soko, jinsi vizimba walivyoahidiwa wafanyabiashara wa zamani vilivyogawiwa wengine kabla hata tangazo halijabandikwa. Nilinukuu barua iliyotoka ofisini kwenu. Barua ile alinipa mfanyabiashara aliyeandikiwa, nakala yake halali, na wewe uliiona mara ya kwanza pale nilipoiandika. Lakini kuna mtu alikuwa ameipiga picha ile orodha yangu. Wakubwa zako wa kazi wakakuita, wakaweka simu mezani. "Huyu wa kwanza si wewe?" Ulinisimulia mara moja tu, unakunja khanga, hunitazami.

Hakukuwa na shtaka wala barua ya onyo. Ulipewa uhamisho wa mbali, ukakabidhi funguo za masjala siku hiyo hiyo. Ukaona bora ustaafu kwa hiari urudi Masasi. Na nyumba uliyokuwa unaijenga Kibamba, iliyokuwa imefika lenta, bado kuezekwa, ukaiuza ilivyo. Mie na wewe tulikuwa tunakwenda kule Jumapili, unanionyesha kwa mguu: hapa jiko, hapa choo cha ndani, hapa chumba cha mwandishi, dirisha liangalie barabara usije ukapitwa na umbea. Juzi nimepita. Wameezeka bati la bluu, limependeza. Dirisha la chumba changu wameliziba kwa tofali.

Hukunigombeza hata siku moja. Ungenigombeza ningepona. Siku unaondoka ulisema, "Meza nakuachia. Andika, lakini ule." Ukapanda gari umebeba mto wako.

Sasa nikwambie nililokuficha. Sikusahau, mama mdogo.

Mwezi ule tiki zilikuwa zimepungua. Fundi cherehani wa mtaa wa pili akaandika kwenye grupu, "Huyu Msomaji namba moja ni nani? Isije ikawa sista mwandishi mwenyewe anajichangia atuvute." Watu wakacheka, na kwa siku nne hakulipa mtu. Nilikaa na simu, nikawaza ni jina gani hapa mtaani likiwekwa watu wataamini. Lilikuja moja tu. Umeshika fedha za harusi za watoto wao, na haikupotea hata shilingi. Nikaliandika lote ili pasiwe na mtu wa kuuliza ni yupi. Kabla ya adhuhuri simu ilikuwa inaita michango. "Kumbe mama yetu yumo! Basi hapa hakuna utapeli," aliandika yule dada wa duka la vipodozi. Nilifurahi. Hata uliponipigia unanong'ona, nililiacha hadi jioni, kwa sababu walikuwa bado wanalipa.

Bahasha ya mheshimiwa ulinikataza nikaiacha. Hii ya pili nilijipa mwenyewe, na uliyekuwemo ndani ni wewe.

Grupu nimelivunja. Kila msomaji anapata makala yake peke yake, hakuna anayejua mwenzake, na orodha hakuna. Wengine wameondoka, wanasema mchango usioonekana wanautilia shaka, na siwalaumu. Waliobaki wananitosha kwa unga, vocha na safari za mikutanoni. Kuna mzee mmoja wa Goba, kila mwezi lazima anipigie. "Binti, mbona sijioni? Nimelipa bwana, nataka nionekane! Kwenye harusi ya mtoto wa mzee mwenzangu nilionekana!"

"Hii siyo harusi, baba," nilimjibu mara ya kwanza, na sauti iliyotoka ilikuwa yako kabisa. Ikabidi nikate simu nilie kidogo, kisha nimpigie tena kumwomba radhi. Analipa mpaka leo, na analalamika mpaka leo.

Ninajuta, mama mdogo. Sijutii kuandika habari ya soko, ningeiandika tena kesho. Ninajuta kwamba wa kwanza kuniamini ndiye wa kwanza niliyemtumia, na kwamba nilikudanganya ukakubali haraka, kama mtu anayempa mtoto njia ya kutokea. Nafikiri ulijua. Nafikiri ndiyo maana mtandao unasumbua.

Nilipomwonyesha barua hii rafiki yangu mmoja alisema niweke jina lako, watu wajue ni nani aliyewaza haya mambo ya kuchangia habari kama harusi. Nilitamani sana. Ni jina zuri, na safari hii ningeliandika kwa heshima. Nimeisoma tena tangu juu, taratibu, neno kwa neno, kuhakikisha.

Halimo. Uliniomba mara moja tu, kwenye meza hii. Nimekusikia.

Nikikupigia tena, suala la kula liache kwanza. Nigombeze.

Ni mie,
mtoto wa dada yako