Ulijifunika Uso Bure, Mama

Mama,

Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nikikaribia jambo lenyewe nalia, na unajua mimi si mtu wa kulia. Leo nalitaja mwanzoni ili nisikimbie. Si wewe uliyeharibu jicho la Mapendo. Nimeambiwa na daktari wa Mbarara, nikamuuliza mara mbili, nikamuuliza tena nikiwa mlangoni na mtoto mgongoni, naye akajibu vilevile.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi minne ugali ulipoanza kukukwama kooni, kisha uji, kisha mate yako mwenyewe. Wewe uliyekunywa chai ikiwa bado inachemka, ukitucheka sisi tuliopuliza: "Chai ya baridi ni ya bagonjwa!" Akina mama wa kanisa letu hapa kambini Rubondo walikuja kukuombea, na mmoja wao, sitamtaja, akakunong'oneza kwamba mwenye mimba akimtazama mgonjwa aliyekonda vile, mtoto hutoka na kasoro. Tangu siku hiyo, nikiingia na bakuli la uji, unavuta kitenge mpaka juu ya nywele. "Usiniangalie, mwana. Utaharibisha mutoto." Nikawa nakulisha kwa kupapasa, nimeinua pindo hadi mdomoni tu. Miezi mitano, Mama, nilikuwa nakijua kidevu chako peke yake.

Kisha akazaliwa Mapendo, mjukuu tuliyempa jina lako. Kope la kushoto limefumba na nyuma yake hakuna kitu. Jicho la kulia lipo, dogo. Ulimpokea, ukaligusa lile kope kwa kidole, ukasema, "Njo mimi nilimuharibisha." Siku ya tisa ukaondoka. Tulipokuosha nilikufunua uso, nikachelewa kukutambua. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Sasa sikiliza niliyojifunza. Daktari mwenyewe ni mwanamke wa Kinyankore aliyeokota Kiswahili kwa baba yake askari, kwa hiyo hata salamu yake ni amri. Alichukua damu ya Mapendo, yangu, na ya mume wangu, ikasafirishwa nje, tukangoja mpaka nikasahau. Jibu liliporudi lilikuwa na jina kama la sabuni: SOX2. Ni protini, kitu kidogo mno ndani ya seli, na kazi yake ni kushika jeni na kuamuru ipi isomwe na ipi inyamaze. Mtoto anapoanza tumboni, seli zake hazijachagua kazi. Moja inaweza kuwa ngozi, nyingine ubongo. SOX2 inazishika zibaki tayari, halafu wakati wake ukifika inasaidia kuzituma: ninyi jengeni jicho. Mume wangu, na ufundi wake wa kujenga, alielewa kabla yangu. "Kumbe ni kapita," akasema. Ndiyo, Mama, ni kapita, msimamizi wa mafundi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayomtengeneza kapita huyo, na moja ya Mapendo ina hitilafu. Kapita akawa pungufu, na fasi ya jicho ikabaki wazi.

Daktari hakuishia hapo. Nilipomtajia ugonjwa wako akasema kansa ya koo, ile njia ya chakula, mara nyingi ina kapita huyohuyo, ila amezidi. Seli za mtu mzima zinarudishwa utotoni, zinakataa kukomaa, zinazaana tu. Nikaruka kama niliyechomwa moto: basi mtoto aliirithi kwako! Kwa muda wa kumeza mate nilikulaumu, Mama. Nisamehe. Daktari akapiga meza. "Hapana! Ya bibi ilikuwa ya koo yake, haikutoka huko kuingia kwa mutoto. Ya mutoto ilianza na yeye. Nyinyi wazazi tumepima, hamuna." Hata kansa yako, alisema, hakuna aliyeipima kujua kapita alikuwaje, anasema tu kinachoonekana kwa wengi.

Ndipo nikauliza habari ya kutazama. Hakunicheka, na kwa hilo namheshimu. Aliniuliza nilianza kukulisha lini, akahesabu kwa vidole, akaniambia jicho huanza kujengwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza, Mama! Mwezi huo ulikuwa bado unalima maharage na kunitania kwamba jembe langu ni la mapambo, na mimi sikujua kama nina mimba. Ulipovuta kitenge mara ya kwanza, jambo la jicho lilikuwa limeshapita. Nilifurahi sana. Halafu, njiani kutoka Kakoba pale Mbarara kurudi nyumbani, nikakasirika, kwa sababu uso wako ulikuwapo, hapohapo mbele yangu, na tulinyimana bure.

Mwaka ulipotimia tukakaa kumaliza matanga, na shangazi yangu, Tantine Esperance, alitaka tumbadili mtoto jina, eti jina lako limeshika mkosi. "Lisemwalo lipo," akasema. Nikamjibu lipo, ndiyo, midomoni mwa wanaolisema. Nikawaeleza habari ya kapita mbele ya wote, sauti haikunikatika. Si wote walioamini. Lakini jina halikuguswa, na Tantine sasa ndiye anayembeba kwenda kisimani. Mapendo alichelewa kutembea. Sasa anatembea akitanguliza uso kama kuku anayetafuta punje, na ndagala, vile vidagaa vya jirani, anaziona vizuri kabisa.

Nina mimba tena, ya miezi mitatu. Daktari anasema uwezekano wa jambo lile kujirudia ni mdogo, ila hakuapa, nami sikumlazimisha. Jirani yetu mpya, mjane aliyeletwa kutoka mapokezi ya wakimbizi ya Kabazana, ana uvimbe wa tumbo na amekonda. Wanawake wa hapa wamenikataza kuingia kwake. Ninaingia kila siku na bakuli, nakaa mbele yake, namtazama usoni tukiongea. Jana alianza kujifunika, nikamshika mkono. Nikamwambia nataka kumwona.

Pumzika, Mama, na kosa lile lishushe, halikuwa lako. Nakuahidi Mapendo atakua akijua kwamba bibi yake alimpenda hata akakubali kufa bila kutazamwa na mwanawe. Na nitamwambia ukweli wote: kwamba haikuhitajika, na kwamba mimi, mama yake, ningekutazama mpaka mwisho.

Mwanao,
Furaha